Milioni Moja na Tisa

Kwenye nguzo ya geti la Daktari Muhoro, kule Kitisuru, kuna matundu ya skrubu ambayo hakuna aliyejisumbua kuyaziba. Niliyaona mwezi uliopita, siku tuliyomzika, watu walipokuwa wakirudi nyumbani kwake kutoka makaburini kula chakula cha matanga. Zamani matundu hayo yalishikilia tarakimu saba za shaba zilizosuguliwa kila wiki mpaka zikawaka: 1000009. Haikuwa nambari ya nyumba, kwani barabara yenyewe haina nyumba za kujaza hata ukurasa. Ilikuwa fahari ya mwenye nyumba. Askari wa mageti ya jirani waliita mahali hapo Kwa Milioni na Tisa, na ukimtajia dereva wa teksi pale Westlands jina hilo, alikufikisha bila swali. Niliyatazama matundu yale nikahisi hasira ikinipanda upya, na nikafurahi kwamba bado ipo. Watu husema kifo hulainisha moyo. Wangu haukulainika hata kidogo. Sikwenda kumlilia Daktari Muhoro, nilikwenda kuhakikisha kwamba amefukiwa.

Mwaka ninaousema ni 2005. Nilikuwa na digrii ya hisabati na kazi ya kutoa fotokopi katika duka moja mjini, orofa ya kwanza, upande wa Jeevanjee, ambapo vijana wenye digrii kama yangu walikuja kunakili vyeti vyao na kunitazama kwa huruma. Nilikaa Kinoo, chumba kimoja juu ya bucha, na harufu ya mafuta ya mbuzi ilikuwa imeingia mpaka kwenye mto wangu. Ndipo mhadhiri mmoja aliyenifundisha akanitaja kwa Daktari Muhoro. Mzee huyu alikuwa amefundisha ng'ambo miaka mingi, akastaafu, akarudi, na chuo alichokiacha bado kilimsikiliza. Kila mwaka aliweza kupeleka huko mwanafunzi mmoja, mmoja tu, akasome shahada ya pili kwa kulipiwa kila kitu. Ili kumpata huyo mmoja, aliwaita vijana nyumbani kwake kila Jumamosi asubuhi, akawafunza na kuwachuja. Tulianza wanne. Kufikia Juni wawili walikuwa wamekimbia, na siwalaumu. Tulibaki mimi na Lorna. Nafasi ile ilikuwa njia yangu ya pekee ya kuondoka kwenye mashine ya fotokopi, na nilikuwa tayari kumeza matusi ya kila aina ili niipate. Niliyameza, na bado hayakutosha.

Tulisomea kwenye meza ya chakula. Ilikuwa meza ndefu nyeusi, imetandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa plastiki nzito iliyonata kwenye viwiko. Daktari alikaa kichwani, mimi na Lorna tukakaa tukitazamana, na katikati yetu mkewe, Mama Nduta, aliweka thamosi ya chai na sahani ya nduma zilizochemshwa, zikifuka moshi. Nduma zile zilikuwa tamu sana, na ni jambo ninalomkubalia Mama Nduta mpaka leo. Lorna hakuzigusa. Aliletwa na mamake kutoka Karen, mtaa wa matajiri, kwa gari lililonukia ngozi mpya, na aliingia na biskuti zake mwenyewe kwenye mkebe. Kila Jumamosi alinisalimia kwa namna ile ile, bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

"Sasa, Nyokabi? Leo ni nyama ama ni ink?"

Maana yake nanuka bucha ama nanuka duka. Daktari alicheka kila mara, kicheko kifupi cha puani. Mara ya kwanza nilicheka nao, na hicho ndicho kicheko ninachokijutia kuliko vyote nilivyowahi kucheka. Baada ya hapo nilikuwa nikichukua kiazi cha nduma kikubwa kabisa, ninakimenya polepole huku nikimkazia macho Lorna mpaka anageuka.

Kati ya chumba kile na jiko palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani. Mwenye nyumba alikisahau, lakini mimi nilikaa karibu nacho. Siku moja Daktari aliingia jikoni kutafuta maji ya dawa zake, nikamsikia akimwambia mkewe, "Huyu wa Kinoo ni mkali, siwezi kukataa. Lakini hesabu yake ni ya dukani. Anazidisha tu. Lorna anafikiri."

"Na wewe dawa umemeza?" Mama Nduta akamjibu.

Anazidisha tu. Nimebeba maneno hayo miaka yote hii. Nilitaka kuingia jikoni nimuulize ni lini kuzidisha kulianza kuwa aibu kwa mtu wa hesabu, ila nafasi ilikuwa yake kutoa. Nikameza chai na maneno yangu pamoja. Lorna naye alikuwa amesikia. Alichora duara dogo kwenye pembe ya karatasi yake, akatabasamu.

Sasa nieleze ile namba, kwa maana bila hiyo ugomvi wetu utaonekana wa kijinga, na haukuwa wa kijinga. Daktari alipokuwa kijana chuoni alitafuta namba tasa kubwa ya kujivunia, yaani namba isiyogawanyika kwa chochote isipokuwa moja na yenyewe. Akachagua milioni moja na tisa. Namba ya ukubwa huo, ukitaka kujua kama ni tasa, unaigawa kwa kila namba tasa iliyo chini ya elfu moja, na zote zikikataa, basi umemaliza. Alizigawa zote kwa mkono, likizo nzima, na zote zikakataa. Hadithi hiyo tuliisikia mara nyingi kuliko sala. Mashine ya kuhesabia ilikuwa marufuku katika nyumba ile. Alisema ni ya wauza nyanya. Na kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuwa na sababu ya kumkagua, namba ile ilitoka kwenye karatasi zake ikaenda kwenye masomo yake, na mwishowe ikaenda kwenye geti.

Jumamosi moja mwezi wa Agosti alitupa kazi ya mwisho, ile ya kumchagua mmoja wetu. Kuna kanuni ya zamani kuhusu namba tasa. Ikiwa ukiigawa kwa nne inabaki moja, basi unaweza kuiandika kama jumla ya miraba miwili, na njia ni moja tu. Kumi na tatu ni mraba wa mbili na mraba wa tatu, nne na tisa, na huwezi kupata njia nyingine. Lakini chukua sitini na tano: ni sitini na nne na moja, na pia ni arobaini na tisa na kumi na sita. Njia mbili, kwa hivyo si tasa, na kweli ni tano mara kumi na tatu. Milioni moja na tisa njia yake ya kwanza imejianika hata mtoto angeiona: mraba wa elfu moja ni milioni, mraba wa tatu ni tisa. Daktari akatuambia tuthibitishe kwamba hakuna njia ya pili. "Mkimaliza," akasema, "mtakuwa mmethibitisha kwa njia ya kiungwana kile nilichokithibitisha kwa jasho." Alitupa mwezi mzima.

Niliifanyia kazi dukani. Fotokopi zilizoharibika, zile zilizotoka na mistari myeusi au zilizokunjamana ndani ya mashine, mwenye duka aliniruhusu kuzichukua, na migongo yake ndiyo iliyokuwa daftari langu. Ukitazama tarakimu za mwisho za miraba utaona kwamba, ili jumla iishie na tisa, mmoja wa ile miraba lazima utoke kwenye namba inayogawanyika kwa tano. Basi nilipanda kwa tano tano: natoa mraba wa tano kwenye milioni moja na tisa, natazama kama kinachobaki ni mraba. La. Mraba wa kumi. La. Wa kumi na tano. La. Wateja wakija nawahudumia, wakitoka narudi. Nilikuwa nakula chapati na madondo juu ya mashine yenyewe, jambo lililokatazwa, nilipofika 235. Mraba wake ni 55225. Nikatoa, ikabaki 944784. Nikatafuta kipeuo chake nikitarajia la nyingine, na kikatoka 972, kamili, bila mkia. Nikazidisha tena kutoka juu. Nikazidisha tena kutoka chini. Kisha nikaketi kwenye maboksi ya karatasi, na nilichohisi ni furaha tupu. Nilidhani nimemletea mzee zawadi. Nilidhani mtu wa hesabu akionyeshwa kosa lake la ujana atashangaa, atacheka, ataniambia keti, tuangalie. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na sijui watu.

Daktari alikuwa na desturi aliyoitoa shule ya msingi na kuikuza mpaka uzeeni: hakusahihisha kazi. Tulibadilishana karatasi, kila mmoja akapewa kalamu nyekundu, akasahihisha ya mwenzake mbele yake, kama tulivyofanya sote darasa la nne ili mwalimu apumzike. Jumamosi ya kurudisha kazi, Lorna alinisukumia yake. Ilikuwa safi, imechapwa, na baada ya kurasa chache za maelezo mazuri iliruka moja kwa moja hadi "vivyo hivyo kwa namba zilizobaki" na kusema hakuna njia ya pili. Hakuwa amepanda zile tano tano. Kwa nini apande? Jibu lilikuwa linang'aa getini, alilipita kila wiki akiwa kwenye kiti cha nyuma. Nikaweka alama ya swali pale aliporuka. Nilipoinua macho, yeye alikuwa ameshamaliza yangu. Hakuwa amegusa hesabu hata moja. Alikuwa amechora X nyekundu kutoka pembe hadi pembe ya ukurasa, juu ya 235 yangu na 972 yangu.

"Daktari, ameandika kuna pair ingine," akasema. "Si hiyo inamaanisha number yako si prime?"

Daktari akanyoosha mkono, akachukua karatasi yangu. Hakuisoma. Alitazama ile X, kisha akanitazama mimi.

"Nyokabi, hii ni nini?"

"Ni njia ya pili, Daktari. Nimezidisha mara nyingi. Inatoka."

"Haiwezi kutoka."

"Zidisha tu, Daktari. Hapo mbele yako. Ni dakika mbili."

"Unaniambia mimi nizidishe?" Sauti yake ilipanda, vijiko vikalia kwenye visahani. "Hiyo namba niliigawa kabla mamako hajajua kuandika jina lake! Umekuja kwa nyumba yangu, umekula chakula yangu, sasa unataka kunifundisha times table?"

"Sikufundishi. Naomba uangalie."

"Lorna, wewe umeangalia?"

"Haina haja," Lorna akasema. "We know it's prime."

Nikamgeukia. "Wewe nyamaza. Kazi yako yote ni 'vivyo hivyo'."

"Na yako yote ni karatasi za takataka," akajibu, na kweli upande wa pili wa ukurasa wangu palikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtu fulani, kimetoka cheusi nusu. Daktari akaigeuza ile karatasi, akakiona kile cheti, akaitupa mezani kwa ncha za vidole. Akaniambia nafasi ni ya Lorna, na kwamba mimi nirudi nilikozoea. Mama Nduta alikuwa amesimama mlangoni na thamosi mkononi. Nilikusanya karatasi zangu kutoka kwenye plastiki ile ya meza iliyonata, moja ikachanika, nikatoka.

Usiku huo nililia, na asubuhi nikaacha kulia nikashika kalamu. Njia mbili za miraba hazikuambii tu kwamba namba inavunjika, zinakuonyesha pia pa kuivunjia. Unatoa 972 kwenye 1000, unatoa 3 kwenye 235, kisha unazijumlisha jozi hizo hizo, na ukitafuta kinachogawanya namba hizo nne mbili mbili, vipande vinaanguka vyenyewe. Vilianguka: 293 mara 3413. Zidisha uone. Kumbe katika likizo ile ya ujana wake, alipofika mia mbili tisini na tatu, Daktari aliteleza mahali fulani, akaandika kwamba imekataa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena Kitisuru. Barasa, askari wa geti, mtu mpole aliyezoea kuniambia nipite, safari hii alisimama katikati ya kijimlango.

"Madam, nimeambiwa nisikufungulie. Usinikasirikie. Mimi ni kazi tu."

"Sijakukasirikia. Nenda umwambie mzee hivi: mia mbili tisini na tatu."

"Mia mbili tisini na tatu ya nini?"

"Atajua."

Akairudia mara mbili asiisahau, akaingia. Nilikuwa ningali nimesimama pale gari la mamake Lorna lilipofika na kupiga honi. Nilienda kwenye dirisha la nyuma, nikaibandika karatasi kwenye kioo, ile yenye vipande viwili. Lorna aliisoma. Niliona macho yake yakienda kutoka kushoto hadi kulia, na yakirudi. Kisha akageuza uso, geti likafunguliwa, gari likaingia. Barasa hakuleta jibu. Nilingoja mpaka jua likawa kali, nikarudi Kinoo.

Mwaka ule ulinifanya nilivyo, na sisemi hivyo kwa shukrani. Nimekuwa mwalimu wa sekondari muda mrefu sasa, na nimejitafutia shahada yangu ya pili hapa hapa, jioni baada ya kazi, kwa kuungaunga. Wanafunzi wangu wananiita mkali, na wana haki. Darasani kwangu hakuna kubadilishana vitabu. Kila kitabu nasahihisha mwenyewe, na kila jibu linaloonekana la kipumbavu nalizidisha kwanza kabla sijaligusa kwa wino mwekundu, hata kama ni vitabu vya darasa zima na macho yananiuma. Walimu wenzangu hunicheka. Wacha wacheke.

Basi siku ile ya mazishi nilipita pale palipokuwa na shaba, nikaingia. Hema lilikuwa uani, sufuria za pilau na mukimo zikipakuliwa. Mama Nduta amezeeka, amekuwa mdogo ndani ya kitambaa chake cheusi. Nilimpa mkono, akaushika asiuachie.

"Wewe ndio yule wa Kinoo."

"Ndio mimi, Mum. Pole sana."

"Barasa aliingia tukikula," akasema, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo. "Akasema namba tu, akatoka. Mzee akasukuma sahani. Akaenda kwa study, hakutoka mpaka jioni. Kesho yake akachukua bisibisi akang'oa hizo vitu zote mwenyewe. Nikamuuliza anazipeleka wapi, akaniambia nishughulike na kuku wangu."

Nikauliza, "Na ile nafasi?"

"Nilimwambia, si umuite yule msichana? Akasema atakuita." Akaniachia mkono. "Kila mwaka alikuwa anasema atakuita."

Nilikwenda nikaketi kwenye kiti cha mwisho kabisa, mbali na watu. Miaka yote nilikuwa nimemchukia mtu asiyetaka kuangalia, na kumbe aliangalia. Aliangalia, akajua, akafungua skrubu zake kimya kimya, na akaniacha Jeevanjee nikivuta karatasi zilizokwama. Nilimchukia zaidi palepale, akiwa na saa mbili tu ardhini.

Lorna ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu kanisani. Sasa anafundisha chuo kile kile cha ng'ambo alikopelekwa. Alinifuata pale nyuma, akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. Nywele zimeanza mvi, na safari hii hakuuliza nanuka nini.

"Nilizidisha, Nyokabi," akasema. "Siku ile ile ya X. Kwa gari ya mum, kabla hata tufike Westlands. Ulipokuja na ile karatasi kwa dirisha, nilikuwa najua for a whole week." Akaitazama programu ya mazishi iliyokuwa gotini kwangu. "Nilikuwa nataka kwenda. That's all. I'm so sorry. Nimekuwa nikitaka kukuambia."

"Sikuja kuchukua pole yako."

"Sasa unataka nini?"

Wote walikuwa wamezidisha. Wote, mimi nikiwa nje ya geti. Nilifungua mkoba nikatoa kalamu yangu nyekundu, ambayo hainitoki. Nikageuza programu ya mazishi. Nyuma palikuwa na picha ya Daktari amevaa joho, akitabasamu, na nafasi nyeupe tele kumzunguka. Nikaandika pale juu, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, mraba wa 235, kujumlisha mraba wa 972, sawa na 1000009. Nikamsukumia pamoja na kalamu.

"Zidisha."

"Hapa? Watu wanatuangalia."

"Hapa."

Akainamia karatasi juu ya goti. Alizidisha kama mtu aliyesahau, akibeba tarakimu kwa midomo, akaanza upya mara moja. 55225. 944784. Akajumlisha. Ilipotoka, alikaa akiitazama, kisha pembeni, chini kabisa, akaweka tiki ndogo. Akanirudishia.

Nikamrudishia. "Ile X ilitoka pembe hadi pembe," nikasema.

Akaitazama ile picha, akanitazama mimi, akaona sitanii. Akaweka ncha ya kalamu kwenye pembe ya karatasi, akavuta mstari hadi pembe ya chini, kisha akavuta wa pili. Wino mwekundu ukashuka juu ya joho, ukapanda juu ya tabasamu, ukatokea pembe ya pili. Nikaichukua karatasi yangu na kalamu yangu, nikaenda kupanga foleni ya chakula.